Yona na Mtango Wake

Somo la juma: Yona 4

Mei 2007 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilitangaza kwamba tamthilia yake ya Jericho haitakuwa na msimu wa pili. Ilikuwa hadithi ya mji mdogo wa Kansas uliojikuta peke yake baada ya miji mikubwa ya nchi kuteketezwa kwa mabomu ya nyuklia. Na ilikatikia pabaya kweli. Watu wa mji jirani wamekuja na silaha, wanataka Jericho isalimu amri, na kijana aliyebeba hadithi nzima anawajibu kwa neno moja: karanga. Jibu hilo lina historia. Desemba 1944 jenerali wa Kimarekani, Anthony McAuliffe, alizingirwa na Wajerumani katika mji wa Bastogne, Ubelgiji. Walipomtaka ajisalimishe aliwaandikia neno hilohilo, ambalo kwa Kiingereza cha mitaani ni kama mtu wa Dar es Salaam kusema "thubutu!" Basi mtazamaji anasubiri risasi zianze kulia, anaambiwa hadithi imeishia hapo.

Mashabiki nao wakajibu kwa karanga, tena za kweli. Katika majuma machache zaidi ya tani 20 zilipelekwa kwenye ofisi za CBS. Namfikiria mpokea vifurushi, mtu wa mshahara wa kawaida asiyejua hata tamthilia hiyo huonyeshwa siku gani, akisaini mzigo wa kwanza, wa kumi, wa hamsini. Mwezi Juni waliosalimu amri ni wakubwa wa kituo: waliagiza sehemu saba zaidi, wakawaomba watu kwa heshima waache kutuma karanga. Saba! Sisi tuliolelewa na kitabu cha Yoshua tukisikia Yeriko, kelele za watu na hesabu ya saba, tunajua ukuta umeanguka. Lakini sehemu hizo zilipoonyeshwa mwanzoni mwa 2008 watazamaji hawakutosha, na Machi mwaka huo Jericho ikafutwa kwa mara ya pili.

Vituo vya kule havifuti tamthilia kwa chuki. Kila Mei vituo vikubwa vya Marekani huwaita wenye matangazo mjini New York na kuwaonyesha ratiba ya msimu ujao, na tamthilia isiyovuta watu wa kutosha huondolewa kabla wageni hawajakaa vitini. Mtazamaji anajiona mteja. Kumbe mteja ni mwenye sabuni na mwenye magari, na kinachouzwa ni macho ya mtazamaji mwenyewe. Ndiyo maana kelele zake husikika nusunusu. Mwaka 1968 barua zaidi ya 100,000 ziliifikia NBC kuiombea Star Trek, kampeni iliyoongozwa na Bjo Trimble na mumewe John. Usiku wa Machi 1 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia itaendelea. Kisha kikaihamishia Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana walioipenda wako matembezini, kikapunguza na bajeti. Mwaka uliofuata ikakatishwa, ikiwa na sehemu 79.

Na siwezi kuipita ile ya Mei 2018, Fox ilipoikata Lucifer, tamthilia ya Ibilisi aliyechoka na Jehanamu akaenda kufungua klabu ya usiku Los Angeles. Watu wazima walijaa mitandaoni wakisihi Lusifa aokolewe. Kwa kazi yangu hii nimezoea maombi ya kinyume chake. Aliyeigiza nafasi hiyo, Tom Ellis, ni mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, na sijui baba yake alipokeaje kilio kile. Netflix waliichukua mwezi uliofuata, ikaendelea hadi 2021.

Ni rahisi sana kuhubiri juu ya watu hawa. Mahubiri yenyewe yanajiandika: tani 20 za karanga kwa ajili ya watu ambao hawapo duniani, na jirani analala na njaa. Nimeyasikia mahubiri ya namna hiyo mara nyingi, na sijaona aliyetoka kanisani akaenda kuzima runinga. Watu huinamisha vichwa, husema amina, halafu jioni hukaa palepale, safari hii na aibu kidogo. Kitabu cha Yona kinashughulika na jambo hilihili kwa njia ambayo mimi nisingeifikiria.

Mnaikumbuka habari. Yona ametumwa Ninawi, amekataa, amemezwa, ametapikwa, ameenda. Amehubiri mahubiri mafupi kuliko yote ninayoyajua, na mji mzima umetubu, kuanzia mfalme hadi mifugo iliyovishwa magunia. Mungu akaghairi maangamizi. Mhubiri mwingine angeita kwaya. Yona anakasirika. Anatoka nje ya mji, anaketi upande wa mashariki, anajijengea kibanda, anatulia aone Ninawi itapatwa na nini. Hebu mwangalieni vizuri hapo alipokaa. Nabii ameacha unabii, amekuwa mtazamaji. Amejitafutia mahali pazuri, mji wote uko mbele ya macho yake, anangojea sehemu ya mwisho, ile ya moto kutoka mbinguni. Na mwenye hadithi ameshaifuta.

Halafu unakuja mtango. Mungu anauotesha juu ya kichwa cha Yona, unampa kivuli, na Yona anafurahi sana. Someni sura zote nne: hakuna mahali pengine nabii huyu anapoelezwa kuwa na furaha. Hakufurahi alipotoka tumboni mwa samaki, wala watu wa Ninawi walipotubu. Alifurahia majani. Alfajiri ya pili buu anautafuna mtango, unanyauka, jua linapanda, upepo wa mashariki unavuma na joto lake, na Yona, akiwa hoi, anasema afadhali afe. Kwa mmea ulioota usiku mmoja na kufa usiku mmoja. Mmea ambao hakuupanda, wala hakuwahi kuumwagilia hata kata moja ya maji.

Mimi ningemwambia, "Baba, huo ni mtango tu." Nina hakika ningesema hivyo, kwa sababu ndivyo tunavyosema sote. Mtoto analia kwa sababu tamthilia yake imeisha, tunamwambia ni maigizo tu. Mke amenuna, mume anacheka: yaani unawalilia watu ambao wakimaliza kuigiza wanaenda kula mishikaki? Mungu hasemi hivyo. Anamuuliza Yona kama anafanya vyema kukasirikia mtango. Yona anajibu kwamba ndiyo, hata kufa. Ni jibu la kitoto kabisa, na Mungu halicheki. Anaanzia hapohapo. Wewe umeuonea huruma mmea usioutolea jasho. Sasa mimi nisiuonee huruma mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia wala kushoto, na mifugo tele? Hamwambii aache kuusikitikia mtango. Uchungu ule, mdogo na wa kuchekesha, ndio kitu pekee ndani ya Yona kilichofanana na moyo wa Mungu siku ile, na Mungu hakukitupa.

Na kuna wakati si wa kuchekesha hata kidogo. Agosti 1979, jimboni Minnesota, mvulana wa miaka 15 alijiua baada ya tamthilia aliyoipenda, Battlestar Galactica, kukatishwa. Sitaeleza zaidi ya hapo. Sidhani tamthilia peke yake humfikisha mtoto huko. Mara nyingi mzigo ulikuwepo, na ile saa moja ya jioni ilikuwa mahali pa kuutua. Wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili, akina kaka na dada: mtu akisema afadhali afe, hata kama sababu anayoitaja mnaiona ya kipuuzi, msimcheke na msimjibu kwa mstari wa Biblia uliokatwa mkavu. Muulizeni. Kaeni naye. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali au mshauri mnayemwamini, siku ileile, msimwache peke yake. Yona alisema maneno hayohayo mara mbili katika sura moja, na Mungu alimuuliza swali mara zote mbili.

Huku kwetu hatutumi karanga. Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo wengi tuliifuata kupitia ITV, ilikomeshwa na SABC Machi 2020 baada ya zaidi ya miaka 20, kwa sababu ya watazamaji kupungua na mapato kushuka, na sikuona mtu wa Kinondoni akiandamana. Sisi hununa, tukahamia nyingine. Lakini mwaka jana nilimtembelea mama mmoja mjane wa usharika wetu. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo, rimoti iko pajani, imefungwa nailoni na mpira ili isiingie vumbi, na runinga imezimwa. Nikamtania kwamba leo king'amuzi kimepumzika. Akaniambia ile tamthilia yake ya Kituruki, iliyotiwa Kiswahili, imekatwa katikati na nyingine imewekwa. "Mchungaji, hata hawakuaga," alisema. Alikuwa na hasira ya kweli, ya mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa amelipia kifurushi kwa pesa ya maandazi.

Nilikaa nikanywa chai, na kidogokidogo habari yenyewe ikatoka. Tamthilia ile alikuwa akiitazama na binti mpangaji wake, anayefanya kazi saluni. Binti alikuwa akirudi, anaoga, anakuja na kikombe chake sebuleni, wanaketi wawili wakibishana nani ni msaliti na yule bwana atamwoa nani. Tamthilia ilipokatwa binti hakuipenda ile mpya. Siku hizi akirudi anaingia chumbani kwake na simu. Wanasalimiana koridoni. Tangu marehemu aondoke, ile nusu saa ndiyo iliyokuwa saa pekee ambayo mama yule alisikia sauti ya mtu mwingine ndani ya nyumba yake akicheka. Kama ningeanza na hotuba juu ya vipindi vya kidunia, ningeondoka bila kuyajua hayo. Nimewaomba wazee wa kanisa wa mtaa ule, wanapokwenda kumjulia hali, wasiende saa nne asubuhi wakati ana wateja wa maandazi. Waende saa moja na nusu jioni.

Sisemi kila hasira ya shabiki inaficha upweke. Nyingine ni kiburi tu, cha mtu anayeona dunia yote imetengenezwa imfurahishe yeye, na anayemtukana mwandishi wa hadithi mitandaoni kana kwamba alikula mkopo wake. Yona naye alikuwa na kiburi hicho. Alijua Mungu ni mwenye rehema, na hilo ndilo lililomuudhi.

Ila hata kiu ya kujua mwisho siilaumu. Kanisa lenyewe liliwahi kuwa nayo. Katika nakala za kale zaidi tulizonazo, Injili ya Marko inakomea pale wanawake wanapotoka kaburini mbio, wamejaa hofu, hawamwambii mtu neno. Basi. Wasomaji wa zamani hawakuweza kuiacha hapo, na mwisho ukaongezwa; ndizo aya za 9 hadi 20 za sura ya mwisho, ambazo baadhi ya Biblia zetu huziwekea mabano. Nawaelewa kabisa. Luka naye, katika Matendo ya Mitume, anatupandisha meli pamoja na Paulo, anatuzamisha, anatufikisha Roma, kisha anatuacha na Paulo kwenye nyumba ya kupanga kwa miaka miwili, kesi haijasikilizwa. Kitabu kimekwisha. Tumekihubiri karne kwa karne bila kumwandikia Luka barua.

Kitabu cha Yona ndicho kinachonisumbua kuliko vyote. Neno la mwisho ni la Mungu, nalo ni swali, na jambo la mwisho kutajwa ndani yake ni mifugo. Yona alijibu nini? Aliteremka mjini? Jua lilikuwa kali, mtango umekauka, na vivuli vilivyokuwa karibu vilikuwa vya nyumba za watu aliotaka waangamizwe. Au alirudi kwao bado amenuna? Kila mtu aje na jibu lake Jumatano kwenye jumuiya, na atuambie katika sura hiyo ameliona wapi. Tumesogeza muda hadi saa mbili na nusu usiku. Wenye tamthilia ya saa mbili wamalize kwanza.