Daudi na Mkate wa Utumbo

Ukijaliwa kuipeleka familia Firenze, Italia, usiwachoshe watoto kwa foleni za makumbusho kutwa nzima. Sanamu ya Daudi yatosha. Michelangelo aliichonga kati ya 1501 na 1504, kwa bonge la marumaru ambalo wachongaji wengine walishalisusa. Urefu wake unapita mita 5. Waambie watazame mkono wa kulia: mishipa imemtutumka kama kuli wa bandarini.

Kisha nendeni kwenye kibanda cha lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa likalainika, likakatwakatwa na kushindiliwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye supu yake. Chakula cha vibarua hicho, na mimi sikibadilishi kwa mlo wa hoteli. Ila mkate wa huko kwa kawaida hautiwi chumvi; msimlaumu muuzaji.