Mashindano ni ya Nani?

Tarehe 29 Novemba 2022 waandaaji wa Smash World Tour walitangaza kuifuta fainali yao, zikiwa zimebaki siku kumi ianze kuchezwa San Antonio, Texas. Wachezaji walikuwapo tele. Mzunguko wao ulikuwa umekusanya maelfu ya mashindano madogo ya Super Smash Bros. katika nchi nyingi, mengi yakiendeshwa na watu wasiolipwa senti, wanaobeba televisheni zao wenyewe hadi ukumbini na kurudi nazo usiku. Walichokosa ni leseni ya Nintendo, mwenye mchezo. Leseni hiyo, mwaka mmoja nyuma, ilikuwa imepewa timu ya Panda ili ianzishe ligi yake rasmi. Wa Smash World Tour wakamlaumu mkuu wa Panda kwamba alikuwa akiwatia waandaaji wadogo hofu ili wahamie kwake. Nintendo, kwa upande wake, ilisema haikuwaamuru waifute fainali ya mwaka ule. Wachezaji wakaja juu, mkuu wa Panda akang'oka, na fainali ya Panda nayo ikaahirishwa isije ikachezwa kamwe. Wakapata hasara wote.

Ni ugomvi wa watu wa mbali, na juu ya mchezo ambao huku kwetu hauna wapenzi wengi. Vibanda vya gemu kutoka Mtwapa hadi Malindi ni vya mpira. Vijana bado wanauita FIFA, ingawa tangu 2023 shirikisho la FIFA na EA, kampuni inayouunda, wameachana na jina kwenye kasha ni jingine. Hata hivyo ugomvi ule umeacha swali linalonisumbua kuliko habari zenyewe: mtu aliyejitolea kwa hiari yake, hakuomba mshahara, hakuwa na hati ya chochote, akisema amedhulumiwa, amedhulumiwa nini hasa?

Wazee wana jibu la haraka. Tenda wema nenda zako. Aliyetoa hana la kudai. Akidai, basi hakuwa ametoa, alikuwa amekopesha. Ni jibu zuri, na kwa mambo mengi ya duniani linatosha. Ila ukilitazama vizuri utaona linamfaa mpita njia: aliyemvusha kipofu, aliyelipa nauli ya mwanafunzi kwenye matatu, kisha akashika lake. Mwandaaji wa mashindano haendi zake. Wiki ijayo yuko palepale, na ile ya pili yake, na wema wake hauna mahali pa kuishia.

Tuingie kibanda kimoja, chochote. Televisheni mbili, PlayStation mbili zilizochoka, feni, benchi, na ukutani bei iliyoandikwa kwa kalamu nene: mechi shilingi 20, anayefungwa ndiye analipa. Mashindano yakipangwa, tuseme Ramadhani baada ya tarawehe, anayeyapanga mara nyingi si mwenye kibanda. Ni kijana mwenye daftari. Anaandika majina, anapokea viingilio kwa M-Pesa, anachora ratiba. Ukurasa wenye thamani katika daftari lile ni wa mwisho, wa kanuni. Stima ikipotea kabla ya mapumziko, mechi inaanza upya. Ikipotea baada ya mapumziko, mabao yanabaki na zinachezwa dakika zilizosalia. Ikipotea na mtu anaongoza kwa matatu, amepita. Aliyechelewa kutoka kazini hotelini anasubiriwa mechi mbili, si zaidi. Kaka hasimamii mechi ya mdogo wake. Hakuna hata kanuni moja kati ya hizi iliyoandikwa na EA. Zimetungwa na ugomvi. Kila moja ina siku yake ambayo watu nusura washikane mashati.

Basi chukulia kampuni inakuja na ligi. Ina leseni, ina mabango, ina fulana. Inawaita wachezaji walewale, inafuata ratiba ileile, na yule mwenye daftari anaombwa afike mapema asaidie kupanga viti. Kisheria hakuna kilichoibwa.

Na sheria, tukubali, ina hoja. Mpira wa miguu hauna mwenyewe: FIFA inamiliki Kombe lake na haki za matangazo, lakini haiwezi kumzuia mtoto wa Muyeye kupiga mpira wa makaratasi. Gemu ina mwenyewe. Korea Kusini walilipima jambo hili kabla ya wengine. Chama chao cha mashindano ya gemu, KeSPA, kiliuza haki za kurusha mashindano ya StarCraft, mchezo uliotoka 1998, kikishikilia kwamba mchezo uliochezwa na taifa zima umekuwa wa umma kama soka. Blizzard, waliouunda, wakakataa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2011 mambo yakaishia kwenye mapatano ya leseni. Hoja ya umma ililala hapo. Mwanafalsafa John Locke naye hasaidii sana. Aliandika mwaka 1689 kwamba anayechanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe hukifanya chake; hapa kitu kina mwenyewe tangu siku ya kwanza. Tena mwenye daftari hataki kuimiliki gemu. Ukimpa hati atakuuliza aifanyie nini.

Nadhani pwani ya Kilifi ina njia bora ya kulifikiri jambo hili, kwa sababu hapa umiliki haujawahi kuwa kitu kimoja kisichogawika. Mnazi unaweza kuwa wa fulani na udongo uliouotesha ukawa wa mwingine. Mjini Malindi, kama Mombasa, kuna nyumba bila ardhi: mtu anajenga kwenye kiwanja cha mwenziwe, analipa kodi ya kiwanja, na ile nyumba ni yake ya kuuza na kurithisha. Mwanasheria aliyelelewa kwa kanuni za Kiingereza, ambako kilichopandwa kwenye udongo ni cha mwenye udongo, hushika kichwa. Fundi wa Majengo haoni la ajabu.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na Wagiriama wa upande wa Kaloleni katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 akatoa kitabu kuhusu minazi, tembo na mashahidi wao. Alichokiona ni kwamba vijana wenye fedha walikuwa wakinunua minazi na mashamba kwa kasi, lakini ununuzi wao ulisimama juu ya neno la wazee. Pasipo mzee wa kusema nilikuwapo, nilisikia, nilikunywa tembo la makubaliano, mnazi ule haukuwa na nguvu barazani. Tajiri aliwahitaji wazee aliokuwa akiwapita kwa mali.

Sisemi haya kusifu ya kale. Nyumba bila ardhi si pepo. Mwenye kiwanja akibadili nia, utahangaika. Na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilionyesha kinachotokea ushahidi wa aina moja unapofuta wa aina nyingine: waliojua kudai mbele ya ofisi ya serikali wakapata karatasi, na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota kwenye mashamba yaliyolimwa na babu zao. Wazee wa kusema nilikuwapo walikuwa wengi. Hawakuulizwa.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma ya mwenye kujitolea. Yeye haidai kampuni ujira, wala hadai mchezo. Anachonyimwa ni nafasi ya shahidi: mtu ambaye jambo haliwi halali mpaka aulizwe. Ligi inapofika ikahesabu wachezaji aliowakusanya kama idadi ya kuwaonyesha wafadhili, ikatumia kanuni zilizotungwa na magomvi ya kibandani, kisha ikaamua tarehe, kiingilio na mahali bila kumpa kauli, imechukua kiwanja chake kihalali na nyumba ya mwenziwe kana kwamba ilikuwa imejiotea. Mgala muue na haki yake umpe.

Kuna waliokata shauri kudai ujira, na wakapata kitu. Waliojitolea kuongoza vyumba vya mazungumzo vya kampuni ya mtandao ya AOL walishtaki mwaka 1999, na mwaka 2010 kesi ikamalizwa kwa dola milioni 15. Sioni kosa. Ila ujira hufunga mjadala: ukishalipwa saa zako, uamuzi ni wa bosi. Aliyekuwa anataka kuulizwa ataondoka na pesa bila kuulizwa.

Sasa kuna pingamizi lenye uzito kuliko yote, na si la kampuni. Ni la mzazi. Nani alimchagua huyu mwenye daftari? Mwanzoni mwa Julai 2020 watu wengi katika mchezo huohuo wa Smash walijitokeza na tuhuma za unyanyasaji wa kingono, nyingine zikihusu watoto, dhidi ya wachezaji na waandaaji mashuhuri. Hawa walikuwa watu wa nyumbani, si wa ligi. Kibanda chenye mtoto wa miaka 12 saa tano ya usiku kinahitaji sheria, majina yaliyosajiliwa, na mtu wa kuwajibishwa, na ligi yenye mikataba huweza kuyaleta hayo ambayo urafiki hauyaleti. Fedha za M-Pesa nazo: nimeona daftari nyingi za ratiba, za hesabu chache. Simtetei basi mwenye daftari awe sultani mdogo. Shahidi wa Kaloleni naye alikuwa akihojiwa. Aliyejulikana kwa uongo hakuitwa tena. Anayetaka kuulizwa na kampuni aanze kukubali kuulizwa na mama wa yule mtoto.

Kwamba kuulizwa kunawezekana, tumeshaona. Mwaka 2013 wapenzi wa Smash walichanga zaidi ya dola 94,000 kwa utafiti wa saratani ya matiti ili mchezo wao uingizwe katika mashindano ya Evo. Nintendo ikataka kuzuia yasirushwe mtandaoni, kelele zikapigwa, na saa chache baadaye ikalegeza. Halikuwa suala la sheria. Sheria ilikuwa upande wake asubuhi na jioni. Mashahidi walikuwa wengi mno. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2023, Nintendo ikatoa mwongozo: mashindano ya watu wasiozidi 200 ukumbini yanaweza kuendelea bila leseni maalumu, kiingilio kina kikomo, zawadi zina kikomo, na mwandaaji asiuze chakula wala vinywaji. Mwenye kiwanja ametaja masharti yake, na kujua masharti ni afadhali kuliko kutoyajua. Lakini mashindano yasiyokuwa na viazi vya karai mlangoni, huku kwetu, hayajaandaliwa na mtu anayejua watu wanakaa usiku kucha kwa sababu gani.

Ligi itakayokuja Kilifi itakuja na jenereta, kwa hiyo kanuni za stima hazitahitajika. Itabaki ile ya kaka na mdogo wake, na sidhani kama mwanasheria wa Nairobi ataikumbuka kabla ya nusu fainali.