Mwamuzi na Mpaka wa Shamba

Kwetu mzee akiitwa kuamua shauri la shamba, hatumwulizi kama yeye naye analima. Nani halimi? Tunamwuliza kama shamba lile linapakana na lake. Likipakana, tunamwomba akae pembeni, hata akiwa mtu wa haki sana. Naye, kama ana akili, anasimama kabla hatujamwomba. Jambo hilo ni wazi. Lakini kuna siku mpaka wenyewe hauonekani vizuri, na leo nataka tufikiri pamoja juu ya siku kama hiyo.

Huko Marekani, katika mji wa San Francisco, alikuwako avoka jina lake Vaughn Walker. Tangu mwaka 1972 kazi yake ilikuwa kutetea makampuni makubwa mbele ya tribinali. Wakubwa wa Olimpiki wa nchi ile walimkabidhi shauri lao juu ya Tom Waddell, daktari na mwanamichezo, aliyeanzisha michezo ya watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja na kutaka kuiita Olimpiki. Mwaka 1987 tribinali kuu ikawapa wakubwa haki. Tena Walker aliiwekea nyumba ya Waddell kizuizi cha deni, ili gharama za avoka zilipwe, na Waddell alikuwa mgonjwa wa ukimwi, karibu ya kufa. Akafa mwaka huo huo. Basi Rais Reagan alipomtaja Walker kuwa mwamuzi wa Leta, wengi walipinga, wakisema mtu huyu hana huruma. Jina likakwama. Mwaka 1989 Rais George H. W. Bush alimtaja tena, akakubaliwa.

Kumbe Walker mwenyewe alikuwa mtu wa namna ile ile. Mwezi wa Aprili 2011, akiwa amekwisha kuacha uamuzi, aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba yuko pamoja na mwanaume mmoja, daktari, na kwamba wameshikamana miaka 10.

Hapo keleleza zilianza, kwa sababu ya shauri aliloliamua mwaka uliotangulia. Novemba 2008 watu wa California walipiga kura, 52 kwa mia, kuandika katika sheria yao kuu kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke tu. Maaskofu wetu wa huko waliunga mkono kura ile. Wenye kupinga walishitaki, shauri likamwangukia Walker, na tarehe 4 Agosti 2010 akaamua kwamba kura ile inavunja sheria kuu ya Marekani. Sasa walioshindwa wakasema: hukumu ifutwe! Walijihadhari sana katika maneno yao. Hawakusema ifutwe kwa kuwa yeye ni mtu wa namna ile. Walisema ifutwe kwa kuwa ana mwenzake wa siku nyingi, pengine alitaka kufunga naye ndoa, wala hakutuambia.

Nilipowasimulia wakatekista wenzangu habari hii, mmoja alijibu upesi, “Bila shaka ifutwe.” Nikamwuliza kama anasema hivyo kwa sababu ya mpaka, ao kwa sababu hukumu haikumpendeza. Alinyamaza kidogo. Eklezya inafundisha nini juu ya ndoa tunajua wote, nami nafundisha hayo kila juma. Tena Katekisimu, namba 2358, inatuagiza kuwapokea watu hawa kwa heshima na huruma, bila kuwabagua pasipo haki. Kama Walker aliamua vema ao vibaya ni swali moja. Kama alikuwa na ruhusa ya kuamua ni lingine, na mwenye kuyachanganya hataona njia katika lolote.

Sheria ya Eklezya, kanuni 1448, inamkataza mwamuzi kushika shauri akiwa na udugu na wenye shauri, ao urafiki wa karibu, ao uadui mkubwa, ao akitazamia faida ao kuepuka hasara. Tazameni: kanuni haitaji namna ya mtu. Inataja kamba inayomfunga na wale waliosimama mbele yake, ao na mali iliyo katikati. Walker hakuwa ndugu wala rafiki wa washitaki. Inabaki faida. Je, kupata ruhusa ya kufunga ndoa ni faida?

Nakiri kwamba hapa nilikwama siku kadhaa. Kisha nikakumbuka sababu waliyoitoa wenyewe watetezi wa kura: kwamba kuruhusu ndoa za namna ile kutaharibu ndoa ya watu wote. Kama ni kweli, mwamuzi mwenye mke naye anaepuka hasara. Shamba lake pia linapakana! Tungemtafuta wapi mwamuzi asiye na mpaka? Hata padri ana wazazi na dada zake. Mwamuzi James Ware, aliyesikiliza neno hili, alikataa kufuta hukumu tarehe 14 Juni 2011. Alisema, kwa kifupi, kwamba kuwa na mwenzako si hakika ya kutaka ndoa, na kwamba haki iliyo katika sheria kuu ni ya raia wote, si ya kundi moja. Nadhani alisema sawa.

Lakini kunyamaza kwake Walker? Hapo simtetei kabisa. Ningemtaka aseme tangu siku ya kwanza, “Ninyi wa pande zote mbili, jueni hili, kisha nitaendelea.” Kusema si kujitoa. Wengine watajibu kwamba mwenye mke haambiwi atangaze mke wake. Ni kweli, kwani pete inatangaza kwa ajili yake, na mtu wa umri wa Walker alijifunza kuficha siku ambazo avoka aliyejulikana hivyo angaliweza kupoteza kazi. Tusisahau pia kwamba gazeti kubwa la San Francisco liliandika Februari 2010, kabla ya hukumu, kwamba yeye ni mtu wa namna ile, na upande wa pili haukumwomba aondoke. Habari ya daktari tu ndiyo iliyokuwa mpya.

Na kizuizi juu ya nyumba ya Waddell, wakati ule avoka alimwamini nani kwa siri yake? Shauri hilo hakuna tribinali iliyolisikiliza, ingawa kwangu ndilo zito kuliko yote, maana avoka anaweza kumtumikia bwana wake kwa uaminifu na bado akawaza usiku.

Shauri la California lilifika tribinali kuu kabisa. Tarehe 26 Juni 2013, waamuzi 5 juu ya 4 walisema kwamba wale waliokata rufani hawana ruhusa ya kuileta, kwa kuwa wao wenyewe hawakuumizwa na hukumu ya Walker. Waliodai kwamba mwamuzi yuko karibu mno na shamba waliambiwa kwamba wao wako mbali nalo. Siku mbili baadaye ndoa zilianza kufungwa tena California.