Siyo Kila Mkojo ni UTI

Mwanangu, vuta mkeka ukae. Nimechoka kusema, lakini nitasema tena, maana pakiti ya dawa uliyoshika ni ya tano tangu mfungo na usiku bado unaamka mara nne. Duka la dawa wamekwambia ni UTI sugu. Mkojo wenyewe waliuotesha maabara? Umenyamaza; basi nimejibiwa.

Mimi sikuulizi kama unaungua. Nakuuliza mkojo unatokaje. Unajikamua, unatoka mwembamba, unakatika, ukisimama unahisi mwingine umebaki. Huenda njia imebana. Njia yetu wanawake ni fupi, kama sentimita 4 tu, na kubana kwake ni nadra, ndiyo maana kila mtu hukumbuka tezi dume za wazee akatusahau sisi. Mkojo unaolala kibofuni hufuga vijidudu. Dawa inawaua, dimbwi linabaki palepale.

Ulipojifungua kitindamimba, ulikaa na mpira wa mkojo siku ngapi? Mpira huweza kukwaruza. Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu hujikunja. Wengine huletewa na uzazi mgumu, upasuaji, mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi, au ugonjwa wa ngozi unaokakamaza sehemu za siri zikawa nyeupe. Sisi tuliokoma hedhi, pale hukauka. Na wapo ambao haionekani sababu yoyote.

Nenda kwa daktari wa njia ya mkojo, na haya uiache mlangoni. Utakojoa kwenye chombo kinachopima kasi, kisha ultrasaundi ionyeshe kilichobaki. Mpira mdogo ukigoma kupita, au kamera ikikwama, atakuwa amekwishapata jibu.

Huenda wakaanza kwa kuitanua njia. Utapata nafuu, utaniletea ndizi za shukrani. Lakini hapa tega sikio: kwa wanawake wengi hubana tena, na kutanua mara kwa mara huongeza kovu. Ikirudi kubana, usikubali tu kupangiwa tarehe nyingine. Uliza habari ya kuijenga njia upya kwa nyama laini ya ukeni au ya ndani ya shavu. Shavu hilihili la mdomoni, usicheke. Upasuaji huo hudumu kuliko kutanua, ila uliza pia kama mkojo waweza kuvuja baadaye.

Na siku mkojo ukigoma kabisa, tumbo la chini limevimba, usingoje kuche. Niamshe twende hospitali, hata nikinung'unika.