Zahiri Mbili, Batini Moja

Miongoni mwa wahandisi watumiao ANSYS, programu ya kukokotoa uimara wa miundo, itokayo kwa kampuni aliyoiasisi John Swanson huko Pennsylvania mwaka 1970, ipo hitilafu ya rai isiyokwisha: je, ni bora mtu aandike amri mstari baada ya mstari kwa lugha ya APDL, au afungue Workbench, ambamo umbo la chuma huonekana kwa rangi zake na kazi kubwa hutimizwa kwa kubofya? Wengi huliona suala hili kuwa la raha na mazoea tu. Mimi naliona kuwa la elimu na yakini, kwa kuwa ndani yake mnaulizwa ni nani hasa aliyehukumu, mtu au chombo chake.

Mwandishi wa amri hupewa ukurasa mtupu. Hapana elementi, yaani kipande kidogo cha umbo kinachokokotolewa, ila aliyoitaja, wala mguso baina ya vipande viwili ila aliouagiza. Hata vipimo programu haimwulizi, na akichanganya milimita na mita atapata jibu zuri kwa sura, batili kwa maana. Ni taabu, si haba. Lakini kila alichokiamua kimo katika faili, na mwenziwe aweza kukisoma baadaye kama kadhi asomavyo hati.

Workbench, kwa ukarimu wake, huvigeuza vipimo yenyewe, na hiyo ni hisani ya kweli. Lakini ikipokea umbo lenye sehemu nyingi, hutafuta mahali zinapogusana, kisha, isipoagizwa vinginevyo, huzishikanisha kana kwamba haziwezi kuteleza wala kuachana. Aliyeupokea mguso ule bila kuutazama ameamua pasipo nia. Wanazuoni walimpambanua mukalidi, afuataye kauli ya mwingine bila kujua dalili yake, wala hawakumlaumu mtu wa kawaida asiye na njia nyingine. Lawama ni ya mwenye uwezo wa kuitafuta dalili akastarehe bila kuitafuta, na mhandisi atiaye sahihi michoro ya daraja hawezi kudai kuwa ni mtu wa kawaida.

Ajabu ni kwamba Workbench, baada ya madirisha yake yote, mwishowe huandika faili ya amri zile zile za kale na kuikabidhi kwa kikokotozi kile kile. Pazia, basi, lafunuka kwa atakaye. Kwa hiyo siwaungi mkono wazee wanaodhani kuwa mashaka ndiyo elimu. Kijana na aanzie kwenye dirisha, mradi aifungue faili ile na aweze kuueleza kila mstari unaobeba hukumu yake.

Wala uzee wa programu si kinga. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjord karibu na Stavanger, Norway, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulipasuka ukazama. Hesabu zake zilifanywa kwa NASTRAN, programu yenye asili ya NASA, ambayo mistari yake ya data hata leo huitwa kadi, kwa ukale wake. Programu ilijibu ilichoulizwa. Lakini wavu wa elementi ulikuwa duni, mkazo wa kukata ukakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na kuta zikajengwa nyembamba mno. Uchambuzi makini uliofanywa baada ya ajali ulionyesha kuwa msingi ule ungepasuka kwenye kina cha mita 62, nao ulikuwa umepasuka kwenye mita 65. Jibu hilo lingaliweza kupatikana kabla zege halijamwagwa.