Mapenzi ya Mungu au Uzembe wa Mtu?



Mtoto mmoja wa darasa langu alifiwa na baba yake katika shimo la dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha; asubuhi watu wakashuka, na udongo ukawafunika. Matangani wazee walisema: "Ni mapenzi ya Mungu." Aliporudi shuleni, mtoto aliniuliza: "Mwalimu, mbona Mungu alimtaka baba yangu, wala si mwenye shimo?" Siku ile nilinyamaza. Leo nitajaribu kumjibu.

Kwanza tulitazame jambo lenyewe. Huku kwetu Kabambare, hasa Namoya, dhahabu imechimbwa tangu zama za Wabelgiji, na leo wengi huichimba kwa mikono. Shimo huanguka kwa sababu zinazojulikana. Maji ya mvua hupenya udongo, huuongezea uzito na kuulegeza. Na njia ya chini isiyoegemezwa kwa miti haina kitu cha kuuzuia. Tena mashine ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya shimo, hewa yake yenye sumu huua bila kuonekana. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo, na watu wapatao 50 walihofiwa kuwa wamekufa. Wala si kwetu tu. Tarehe 8 Agosti 1956, huko Marcinelle katika Ubelgiji, kigari kilichowekwa vibaya kwenye lifti ya shimo la makaa kilisababisha moto, wakafa watu 262.

Basi, je, jambo linalojulikana mapema laweza kuitwa fumbo la Mungu? Hasha. Ajuaye kwamba udongo umelowa, naye akawashusha wenzake, kisha akasema "Mungu amependa", huyo anamsingizia Mungu. Wala tusiseme kwamba waliokufa waliadhibiwa. Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Bwana wetu alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kupita wengine.

Lakini wako watakaosema: "Mwalimu, wewe una mshahara wako. Sisi tukingoja udongo ukauke, watoto watalala njaa. Tena kila kazi ina hatari yake. Hata mpanda michikichi huanguka." Neno hilo lina ukweli, nami sitalidharau. Hatari haiwezi kuondolewa yote, na baba anayejihatarisha kwa ajili ya watoto wake si mpumbavu. Walakini tupambanue mambo mawili: hatari ninayoichukua mimi mwenyewe, na hatari ninayomtwika mwingine ili faida iwe yangu. Mwenye njaa akikubali kushuka, ukubali wake si huru kabisa. Kwa hiyo, aliye na nguvu ya kuamuru anabeba deni kubwa zaidi.

Zamani sana Sheria ya Musa iliamuru kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa jirani akatumbukia, mwenye shimo alipe. Ikiwa ng'ombe alipewa haki hiyo, je, mtu?

Tazameni basi jinsi mapato yanavyogawanywa. Kwanza hutolewa gharama za chakula na za vyombo, ndipo kila mtu hupata fungu lake. Miti ya kuegemeza ihesabiwe katika gharama hizo, iwe ya kwanza. Asiyeinunua hakuokoa fedha. Amelipa kwa mwili wa mwenzake, na huo ni wizi. Kanuni za madini za nchi yetu zinawakataza wachimbaji wa mikono kupita mita 30, zishikwe. Siku ya mvua asishuke mtu, na anayekataa kushuka asiitwe mwoga wala asifukuzwe. Tena, tukikata miti, tupande mingine. Dhahabu ikiisha, tufukie mashimo, yasije yakawameza watoto wetu au kuwa madimbwi ya mbu. Maana kazi inayowaachia wajukuu mashimo wazi haijakwisha bado.

Nawe, mtoto wangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili: Mungu hakumchagua baba yako afe. Aliwapa watu akili ya kuujua udongo, na msitu wenye miti ya kuuzuia. Watu ndio ambao hawakuitumia.