Bembea Iliyoahidi Maji

Mwaka 1989, kwenye maonesho ya kilimo nchini Afrika Kusini, mfanyabiashara wa matangazo aitwaye Trevor Field aliona chombo kilichomsimamisha: bembea ya watoto ya kuzunguka, imefungwa juu ya kisima kirefu. Aliyeibuni, Ronnie Stuiver, alikuwa mchimba visima. Kila alikokwenda kuchimba, watoto walimzunguka kutazama mitambo, naye akaona kwamba nguvu yao ya michezo ingeweza kupandisha maji.

Field aliikubali fikra hiyo na kuitafutia soko. Watoto wakiisukuma bembea, mtambo ulio chini yake huugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kupanda na kushuka, na maji huvutwa kutoka ardhini hadi kwenye tangi la lita 2,500 lililo juu ya mnara. Pande nne za tangi zilikuwa mabango: mawili ya ujumbe wa afya, mawili ya matangazo ya biashara ambayo malipo yake yangegharamia matengenezo. Mama angefika, afungue bomba, akinge ndoo yake. Mtoto acheze, mama apumzike, kisima kijilipie chenyewe. Chombo kikaitwa PlayPump.

Hadithi kama hiyo ni rahisi kuipenda, na wakubwa waliipenda. Mwaka 1999 Nelson Mandela alihudhuria ufunguzi wa shule iliyofungiwa bembea hiyo. Mwaka 2000 Benki ya Dunia ikaipa tuzo. Septemba 2006, katika mkutano wa hisani wa Bill Clinton jijini New York, Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, alitangaza mchango wa dola milioni 16.4 uliotoka serikalini na kwa wafadhili binafsi. Miongoni mwao ilikuwa Case Foundation, taasisi ya Jean Case na mumewe Steve, mmoja wa waasisi wa kampuni ya AOL. Lengo lilikuwa kufunga pampu 4,000 katika nchi kumi za Afrika ifikapo mwaka 2010.

Mwaka 2007 UNICEF ikatoa ripoti ya tathmini, na mwaka 2008 ikafuata nyingine iliyofanywa Msumbiji. Zilichokikuta vijijini hakikuwamo katika hadithi ile. Watoto wana saa za darasani, wana likizo, wana kazi za nyumbani na za shambani, na wakichoka kucheza huenda zao. Maji hayasubiri mchezo. Kwa hiyo mama aliyefika na ndoo akakuta bembea imesimama na tangi ni tupu aliisukuma mwenyewe. Ni gurudumu zito lililo karibu na ardhi. Anayelisukuma huinama na kulizunguka. Vikongwe walilizunguka. Wajawazito walilizunguka. Wengine walieleza kwamba ilikuwa aibu kwa mtu mzima kuonekana akihangaika na chombo cha watoto mbele za watu.

Mahali pengine pampu ya mkono iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa imeng'olewa ili kuipisha bembea. Pampu ya mkono fundi wa kijijini huweza kuifungua akabadilisha mpira uliochakaa. Bembea ilipoharibika ilimhitaji fundi maalumu atoke mbali, na kijiji kikakaa miezi bila maji. Mabango mengi nayo yalibaki matupu, kwa kuwa kampuni hazilipi kujitangaza mahali ambapo watu hawana fedha za kununua bidhaa zake, na fedha za matengenezo zilizotegemewa hazikuja. Bei ya bembea moja ilikuwa karibu dola 14,000, fedha zinazotosha kununua pampu za mkono zipatazo nne. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha hesabu: ili bembea moja iwahudumie watu 2,500 waliotajwa katika malengo, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kila siku.

Hesabu hiyo haihitaji shahada, na swali la nani atasukuma watoto wakiwa darasani lingeulizwa na mama yeyote anayeteka maji, siku ya kwanza kabisa. Kwa nini basi miaka ilipita na mamilioni ya dola yakatoka kabla halijasikika?

Jibu liko katika jinsi msaada unavyosafiri. Mwenye duka akiuza unga ulioingia wadudu, wateja humkimbia kabla wiki haijaisha, naye hujua amekosea. Katika ufadhili, anayelipa yuko New York au Oslo, na anayetumia yuko kijijini. Yule wa kwanza hanywi maji ya kisima kile, na huyu wa pili hana fedha za kuzuia ili kuonyesha kwamba hakuridhika. Katikati yao wapo watekelezaji wa mradi, ambao mishahara yao inatoka kwa mlipaji. Ripoti inayopanda juu hutaja pampu zilizofungwa, hubandikwa picha za watoto wanaocheka, na watoto hao kweli wanacheka, maana bembea ni mpya na mgeni yupo.

Na sisi tunaopokea tuna sehemu yetu katika jambo hili. Kwetu zawadi haikataliwi, na mgeni haaibishwi. Mgeni rasmi akifika, ngoma inachezwa, risala inasomwa, na risala inashukuru. Anayeiandika ni katibu, anayeipitia ni mwenyekiti, na yule mama ambaye kesho atainama kusukuma gurudumu yuko nyuma kabisa ya uwanja, hajaulizwa chochote. Heshima hii kwa mgeni ni jambo jema. Ila inapogeuka kuwa njia pekee ya jamii kuzungumza na mfadhili, mfadhili huondoka bila kujua, na kosa linakwenda kurudiwa kijiji cha pili.

Kosa hili tunalo hata karibu. Huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, serikali ya Norwe ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema: Waturkana walikuwa wamepoteza mifugo kwa ukame, na ziwa lilikuwa na samaki. Lakini Waturkana walio wengi ni wafugaji, na kwa mfugaji aliyezoea kuhesabu utajiri kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, uvuvi ulikuwa kimbilio la aliyefilisika. Kugandisha samaki katikati ya jangwa kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama zikazidi thamani ya samaki wenyewe. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu, kikafungwa. Kisha maji ya ghuba la Ferguson, mahali penye samaki wengi, yakakauka. Wazee wa Turkana walijua ziwa lao hupanda na kushuka. Ujuzi huo ulikuwapo bure kwa yeyote ambaye angeketi nao.

Katika kisa cha bembea liko pia jambo la kusifiwa. WaterAid, shirika lenye uzoefu mrefu wa maji, halikufuata mkumbo. Lilisema waziwazi kwamba chombo kile ni ghali na matengenezo yake ni magumu. Mwandishi wa habari Amy Costello, ambaye taarifa yake ya televisheni ya mwaka 2005 ilikuwa imeisifu bembea, alirudi baadaye kuitazama tena, na mwaka 2010 akaonyesha hadharani alichokikuta. Mwaka huohuo Jean Case aliandika akikiri kwamba mpango haukufikia ulichoahidi. Pampu zilizosalia zilikabidhiwa kwa shirika la Water For People, ambalo liliifanya bembea kuwa mojawapo tu ya aina ambazo jamii ingechagua. Katika shule fulani fulani, penye watoto wengi na kisima kizuri, inafaa. Tangu mwanzo ilipaswa kuwa chaguo.

Hapo ndipo penye funzo. Msaada ambao mpokeaji hawezi kuukataa hauwezi kusahihishwa, hata mtoaji awe na moyo mwema kiasi gani. Na asasi za kiraia (AZAKI) ndizo zenye nafasi ya kumpa mpokeaji uwezo wa kukataa.

Kwa miaka mingi AZAKI zetu zimekuwa mikono ya mfadhili: kuandika andiko la mradi, kupokea fedha, kutekeleza, kuhesabu, kutuma ripoti ya robo mwaka. Kazi hiyo imejenga zahanati na kusomesha watoto, na haipaswi kudharauliwa. Lakini fedha zenyewe sasa zinapungua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa. Asasi nyingi zilipoteza wafanyakazi na ofisi. Kwa mwenye dhiki, kishawishi ni kupokea chochote kinachotolewa, kwa masharti yoyote. Wakati kama huu ndio bembea nyingine hupata njia, kwa sababu kila mtu anaogopa kuuliza.

Asasi iliyokuwa mikono haina budi sasa kuwa pia mdomo na sikio. Nyenzo tunazo. Nchini Tanzania, sheria ya maji ya mwaka 2019 imeweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na asasi mbalimbali zina uzoefu wa ufuatiliaji wa uwajibikaji jamii: wananchi wanakaa na bajeti mkononi, wanakwenda kuutazama mradi, wanarudi kumhoji kiongozi. Tumezoea kumfuatilia mwenyekiti wa halmashauri kwa njia hiyo. Mfadhili naye anastahili kufuatiliwa vivyo hivyo, na anayetoa kwa nia njema hatachukia.

Kwa anayetoa, funzo ni hili: tenga fedha za kurudi kijijini mwaka wa tatu na wa tano, wakati hakuna ngoma wala kamera. Uliza kila fedha unayoitoa ingenunua nini kingine. Ukikosea, litangaze kosa kwa sauti ileile uliyotangazia mchango, ili mwenzako asilirudie. Na kuwa radhi kuilipia asasi itakayokuambia usichopenda kusikia.

Kwa kiongozi wa asasi, kabla ya kutia saini mradi unaofuata, waite watakaokitumia chombo hicho kila siku, wanawake wakae peke yao kama mila inawanyima sauti mbele ya wanaume, na mfadhili asiwepo. Waeleze bei halisi. Waeleze vitu vingine ambavyo fedha hizo zingenunua. Waulize nani atafanya kazi, saa ngapi, nani atakitengeneza kikiharibika na kwa fedha za nani. Wakisema wanataka, nenda nao mpaka mwisho. Wakisema hawataki, jibu hilo lifikishe kwa mfadhili kama lilivyo, hata kama mshahara wako umo ndani ya andiko hilo. Siku asasi zetu zitakapoweza kufanya hivyo bila kuadhibiwa, fedha chache zilizobaki zitafanya kazi kubwa kuliko zile nyingi zilizopita.